Siri ya Swichi Iwe na Mtu wa Pili

Gisenyi, mji wetu upande wa Rwanda, na Goma upande wa Kongo zimeshikana. Katika mitaa mingine ukitoka mlangoni unauona mpaka. Mwenye Land Cruiser ya zamani hapa hulala akijua kwamba gari lake likitolewa uani, safari ya kulifikisha kwenye nchi nyingine, chini ya polisi wengine na sheria nyingine, ni fupi mno. Na ni gari linalotakiwa pande zote mbili, maana vipuri vyake vinauzika hata likifunguliwa vipande vipande.

Langu ni la aina ya 70, injini 1HZ, lita 4.2, silinda sita, halina kompyuta yoyote. Magari mapya ya Ulaya yalilazimishwa na sheria kuwa na kinga ya wizi kuanzia 1998, na ufunguo usiotambuliwa na gari hauliwashi. Hili langu linawashwa na yeyote mwenye waya na ujasiri. Ndiyo maana nilianza kutafuta kinga.

Fundi umeme wa kwanza alitaka kuweka rilei kwenye waya wa starta, basi. Nikamwambia, "Fundi, gari hili likisukumwa kwenye mteremko si linawaka?" Akakubali. Diseli haina plagi za cheche; mafuta huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Kinachoizuia injini hii ni vali ndogo ya umeme juu ya pampu ya diseli. Ikipata umeme inafungua njia ya mafuta, ikiukosa, springi inaifunga. Mwizi anayejua kazi yake hufungua boneti, huvuta waya kutoka betri hadi kwenye vali hiyo, kisha huomba wenzake wasukume. Mwingine huifungua vali kabisa, akachomoa kile kipini cha ndani, na mafuta yakapita bila kumwomba mtu ruhusa. Mafundi wa njiani hufanya hivyohivyo kumwokoa dereva aliyekwama.

Kwa hiyo ulinzi wa kweli lazima ufike kwenye pampu. Kuna vifuniko vya chuma kigumu vinavyoificha vali yote, vikiwa na kifaa ndani kinachosubiri namba ya siri, hivyo umeme wa betri peke yake haufui dafu. Ni kinga nzuri, nami naiheshimu. Lakini swali lililonisumbua ni jingine: kifaa hicho kikifa chenyewe, kitakufa nikiwa wapi?

Barabara inayotoka Musanze hupita milima ya Nyabihu kisha hushuka kwa nguvu kuingia mjini kwetu, na malori yako mbele na nyuma yako. Mafuta yakikatika pale na injini ikasimama, usukani unakuwa mzito, na ile pampu ya vakyumu inayoisaidia breki, ambayo huzungushwa na injini, inaanza kulala. Unabaki na mikanyago michache tu. Sikubali kitu chochote kinachoweza kuzima injini yangu mteremkoni, iwe ni mwizi, ni rilei ya bei rahisi, au ni mtu aliye ofisini anayeweza kulizima gari kwa mbali kwa simu.

Uamuzi wangu ukawa huu. Vifaa vya elektroniki vikae kwenye starta, kwa sababu vikiharibika gari halitawaka, lakini lililokwisha kuwaka haliwezi kuzimika. Kwenye waya wa mafuta nikaweka swichi ya mkono, nzito, iliyofichwa, waya zikaunganishwa kwa risasi wala si kwa kusokota na kufunga utepe. Juu ya vali, kifuniko cha chuma. Na kabla ya yote fundi alipima betri, maana magari haya mengine ni ya volti 12 na mengine 24, na rilei ya 12 ikiwekwa kwenye 24 huungua.

Ilipobaki kuamua nani ajue swichi iko wapi, fundi alisema, "Mzee, siri ni ya mtu mmoja." Hapo tulitofautiana, na bado natofautiana naye.

Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulilipuka. Lava ilishuka kuelekea Goma, watu wakavuka kwa maelfu kuja upande wetu, na siku zilizofuata ardhi ilitikisika hadi nyumba za wilaya yetu ya Rubavu zikapasuka kuta. Tarehe 27 wakuu wa Goma waliamuru sehemu kubwa ya mji ihamwe. Familia nyingi hapa zilipakia magodoro zikapanda Nyabihu. Katika saa kama hizo baba anaweza kuwa Kigali, au amelazwa hospitalini. Gari lenye tangi lililojaa likisimama uani kwa kuwa mama hajui swichi, kinga hiyo imewafungia watu wangu kabla ya kumfungia mwizi.

Kwa hiyo mke wangu anaijua, na binti yetu mkubwa anaijua. Wote wawili wamewasha gari gizani, bila taa, huku nimenyamaza pembeni. Hatari ya siri kuvuja naipima, na naiona ndogo kuliko ile nyingine.

Nawe unayefunga kinga kwenye gari lako, usimlipe fundi kabla mtu mwingine wa nyumbani hajakaa kwenye kiti cha dereva akaliwasha peke yake.