Msalaba wa Shaba: Siku Tatu katika Lubumbashi

Mtu akitaja mapumziko ya kutazama mambo ya kale, fikira za wengi huruka mbali sana. Huenda Misri penye mapiramidi, huenda Roma, ama huvuka bahari hadi Kamboja, nchi ya Wakhmeri, kutazama mahekalu ya mawe ya Angkor. Lubumbashi haitajwi. Wafanyabiashara waujua mji huo kwa shaba na kobalti, madereva waujua kwa foleni ndefu za mpakani, nao wenye kujidai kuwa wajuzi wa historia husema ya kuwa ni mji mchanga, uliozaliwa mwaka 1910. Basi una nini cha kale? Maneno hayo ni nusu ya ukweli. Mji ni mchanga, lakini shaba yake ni kongwe, nao walioichimba na kuiyeyusha karne nyingi kabla ya reli walikuwa Waafrika, kwa mikono yao na kwa akili zao. Hilo ndilo tulilotaka watoto wetu walione kwa macho.

Tulikuwa watu watano, wazazi wawili na watoto watatu, nasi tulitoka upande wa Tabora. Twataja kwetu kwa sababu. Katika nchi ya Wasumbwa, magharibi ya Tabora, ndiko alikotoka Msiri, mwana wa Kalasa, mwenye misafara aliyezoea kuifuata shaba ya Katanga. Yapata mwaka 1856 Msiri alihamia huko, akasimamisha ufalme wa Garenganze, na mji wake mkuu ukawa Bunkeya. Watu wake wakaitwa Bayeke, jina walilolichukua kwao, ambako lilikuwa jina la chama cha wawindaji wa tembo. Misafara yake ilifika pwani ya Bahari ya Hindi na pwani ya Atlantiki pia. Hatumsifu kwa yote, maana mkono wake ulikuwa mzito na watumwa aliwauza wengi. Lakini alikataa kuitwika nchi yake bendera ya Mfalme Leopold, na tarehe 20 Desemba 1891 Kapteni Bodson, wa msafara wa Stairs, akamwua kwa risasi. Naye Bodson akauawa papo hapo. Wazee wa kwetu huyasimulia hayo kama habari za ndugu aliyekwenda kazini akafia ugenini.

Basi mwanzo wa Juni tulifika. Ni majira ya baridi kule, na asubuhi watu hujifunika kama watu wa Njombe. Tulifurahi mara moja kwa jambo la lugha: Kiswahili kilitupokea stendini. Si Kiswahili cha Unguja, la. Husema *bantu* na *batoto*, fedha huziita *falanga*, na shaba mara nyingi huiita *mukuba*. Watoto wetu walianza kwa kucheka. Kufika jioni walikuwa wakisema vilevile. Mtu asikidharau Kiswahili hicho. Mwaka 1965, wakati mji ulipokuwa bado ukiitwa Élisabethville, André Yav aliandika kwa lugha hiyohiyo historia ya mji kama walivyoiona watumishi wa nyumbani, wapishi na maboi waliowatumikia Wazungu. Ni kitabu chembamba, nacho chasema mambo ambayo vitabu vinene vya makampuni havikuyasema.

Siku ya kwanza tuliiweka kwa ajili ya jumba la makumbusho. Lilianzishwa mwaka 1946, na mwanzoni lilipewa jina la Leopold II. Tuliyaona mengi humo: vinyago, viti vya machifu, ngoma, mawe yaliyochongwa na watu wa zamani za kale. Lakini tuwe wa kweli, kitu kilichotusimamisha ni kipande cha shaba chenye mikono minne, umbo la msalaba uliolala kama herufi X, mrefu kiasi cha shibiri, mzito mkononi kama jembe.

“Papa, hii ni mukuba ya bankambo,” alisema mwongozi wetu, kijana mpole, kisha akawageukia watoto. “Batoto, hizi zilikuwa falanga.”

Binti yetu wa pili, ambaye hupenda kujua bei ya kila kitu, akauliza mara, “Baba, ungenunulia nini?” Tukamjibu kadiri tujuavyo: misalaba hiyo ilinunua chumvi na nguo na silaha, ililipa kodi kwa mfalme, na zaidi ya yote ililipa mahari. Kaka yake naye akataka kujua kama watu wale walikuwa Wakristo. Hawakuwa. Umbo hilo lilikuwako kabla ya mmisioni yeyote kukanyaga nchi hiyo. Arnot, Mprotestanti, alifika Bunkeya mwaka 1886 tu. Kwa nini wahunzi walichagua umbo hilo? Labda kwa sababu lashikika vizuri na kufungika kwa kamba katika mizigo. Twaona si haki kuwabatiza wazee baada ya kufa kwao kwa sababu tu ya umbo la fedha yao.

Mbali sana kaskazini ya Lubumbashi, kando ya ziwa Kisale, kuna mahali paitwapo Sanga. Mwaka 1957 na 1958 wataalamu walifukua makaburi pale, na wengine wakaendelea baadaye. Waliwakuta wafu wamelazwa pamoja na vyombo vya udongo vya kupendeza na mapambo ya shaba. Kumbukeni kwamba kando ya ziwa hilo hakuna machimbo ya shaba. Ilichukuliwa kusini, mwendo wa siku nyingi. Katika karne ya 12, wakati Wakhmeri walipokuwa wakiliinua hekalu la Angkor Wat, watu wa Kisale walikuwa wakiwazika wapenzi wao kwa heshima namna hiyo. Katika makaburi ya karne zilizofuata misalaba yaonekana: kwanza mikubwa na michache, imewekwa juu ya kifua cha marehemu, kisha midogo na mingi, yenye kulingana, karibu na mikono yake au kiunoni. Kwa hiyo wataalamu husema kwamba kitu kilichokuwa kwanza cha heshima kiligeuka polepole kuwa fedha ya kuhesabiwa. Mawe ya Angkor yasimama juu ya nchi, na kila mgeni ayaona. Ya kwetu yako chini ya ardhi, ama yamefungiwa katika kabati la kioo, nayo yahitaji mtu wa kuyasimulia.

Sasa tueleze kazi yenyewe, maana watoto waliirudia njia nzima. Baada ya mavuno ya mtama, mvua ikiisha kukatika, kijiji kilihamia kwenye kilima cha shaba. Wanaume walichimba, wanawake na watoto wakaokota mawe ya kijani na kuyasafisha. Mkuu wa wahunzi aliwaomba wahenga kwanza. Kazi haikuanza bila hayo. Tanuru ilijengwa kwa udongo wa kichuguu, ambao hauogopi moto, ikashindiliwa makaa ya miti migumu na mawe yale ya kijani, na vijana wakavuta mivukuto ya ngozi ya paa bila kupumzika, wakiimba. Shaba iliyoyeyuka iliposhuka, iliyeyushwa tena ili itakate, kisha ikamiminwa katika kalibu yenye umbo la msalaba. Mtu aliyeujua ufundi huo alikuwa mkubwa, na siri zake alimrithisha aliyemchagua mwenyewe.

Twaweza kuyasimulia haya kwa sehemu kwa sababu ya mtu mmoja wa kanisa letu. Monsinyori Jean-Félix de Hemptinne, Mbenedikto, aliyeliongoza Kanisa la Katanga tangu mwaka 1910 hata kufa kwake mwaka 1958, aliandika kwa uangalifu habari za wahunzi hao, ambao huitwa “walaji wa shaba”, na maandishi yake yakatolewa mwaka 1926. Alikuwa mtu wa kutatanisha. Aliipenda serikali ya kikoloni kuliko ilivyompasa mchungaji, na wengi wa Lubumbashi hawajamsamehe kwa hilo. Hata hivyo yeye ndiye aliyewakuta wazee waliokuwa bado wakikumbuka, akawasikiliza. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilikuwa imekwisha kuwasha tanuru yake kubwa mwaka 1911, na shaba ya mkono haikuwa tena na soko. Wazee wale wangalikufa kimya, ufundi nao ungalikwenda nao.

Siku ya pili tulitoka nje kidogo ya mji, upande wa Kalukuluku, mgodi ambao Wazungu waliuita Étoile, yaani Nyota. Ndio mgodi wa kwanza wa kampuni, lakini kampuni haikuugundua: iliyakuta mashimo ya wenyeji. Mashimo hayo mtu asiyatafute sasa. Shimo la mashine limeyameza. Tulisimama mbali, tukaona vumbi jekundu na malori, nasi twakiri kwamba mioyo yetu ilishuka. Ile hazina iliyowavuta wazee hapo ndiyo hiyohiyo inayoviondoa leo vilima vyao pamoja na alama zote za kazi yao.

Lakini ardhi ina kumbukumbu yake. Mzee mmoja wa pale alituonyesha uwanda usio na miti, katikati ya pori la miombo. Shaba ikizidi katika udongo, miti hukataa, na badala yake huota majani mafupi na ua dogo la rangi ya zambarau, lizoealo sumu hiyo. Tuliyakuta machache ambayo hayajakauka. Wachimbaji hulitazama ua hilo kama ishara, na wataalamu wa mambo ya kale vilevile, kwa maana huota hata pale ambapo tanuru za kale zilimwaga mavi ya shaba. Mtoto wetu mdogo alitaka kulichuma. Mzee akamwambia kwa upole, “Acha, mwanangu, huyu ni shahidi.”

Tuliporudi mjini tulipita karibu na ule mlima mweusi wa mavi ya tanuru za kampuni na bomba lake refu la moshi, vitu viwili ambavyo watu wa Lubumbashi huvichora kama Wachaga wanavyochora Kilimanjaro. Hata mlima huo wachimbwa upya tangu mwanzo wa miaka ya 2000, kwa kuwa ndani yake mna kobalti iliyotupwa. Tukafika mtaa wa Kenya, ambako wengi bado wayakumbuka mauaji ya tarehe 9 Desemba 1941. Siku hiyo wafanyakazi wa shaba waliogoma kwa ajili ya mshahara walipigwa risasi wakiwa wamekusanyika uwanjani, na Léonard Mpoyi, msemaji wao, akafa. Hapo hatukusema mengi. Tulisali Salamu Maria, tukaendelea.

Jumapili tulisikiliza Misa Takatifu katika Kanisa Kuu la Watakatifu Petro na Paulo, kanisa la matofali mekundu, kubwa bila majivuno. Waimbaji walituinua. Mji huu una mila katika jambo hilo: kwaya ya wavulana ya Padre Anschaire Lamoral, Mbenedikto, iliitwa Waimbaji wa Msalaba wa Shaba, na Joseph Kiwele, mwana wa nchi aliyefariki mwaka 1961, alitunga *Missa Katanga*, misa ya Kilatini yenye roho ya nyimbo za kwao. Tuliwaambia watoto jina la kwaya ile, nao wakatazamana. Fedha ya mahari na ya makaburini, ikaja kuwa alama ya vijana wa kumsifu Mungu. Na katika miaka ya 1960 hadi 1963 misalaba mitatu iliwekwa katika bendera ya Katanga iliyojitenga, wakati damu nyingi ilipomwagika. Chombo kimoja, mabwana wengi.

Alasiri tuliwaendea wauzaji wa vito vya mawe ya kijani na picha za shaba iliyofuliwa kwa nyundo. Kazi yao ni safi, nasi twawasihi wasomaji watakaofika huko wanunue kwao. Mmoja, alipoona tunapenda mambo ya kale, alitupeleka pembeni, akafunua gazeti: msalaba mkubwa, mweusi kwa umri. Alisema wageni huutafuta sana. Tulimwuliza umetoka wapi. “Kaburini, Papa,” akajibu bila kuficha, “sasa mwenye kaburi anautumia nini?” Hakuwa mtu mwovu. Alikuwa na watoto wanne na karo ya shule, na bei aliyoitaja ilikuwa ndogo kuliko nauli yetu. Mama wa watoto alizungumza naye kwa muda mrefu, kuhusu watoto wake, kuhusu mwongozi wa jumba la makumbusho ambaye angeweza kuupokea. Aliukunja tena katika gazeti. Hatujui aliupeleka wapi. Tulinunua kwake misalaba mitatu midogo, mipya, iliyomiminwa juzi, mmoja kwa kila mtoto.

Jumatatu alfajiri tulishika njia ya Kasumbalesa, yapata kilomita 90. Malori yenye mabamba ya shaba, mengi yakielekea bandari ya Dar es Salaam, yalikuwa yamepanga mstari mpakani tangu usiku. Binti yetu wa pili alijaribu kukadiria kila lori lingekuwa misalaba mingapi. Alipofika lori la kumi na saba akamwomba kaka yake karatasi.