Kazi ya Marehemu

Mwanafunzi wa Kiswahili hukabidhiwa kijijini kazi ambazo hakuzisomea. Baba mkubwa alipofariki mwaka 2019, jamaa waliokutana nyumbani kwetu Butula waliafikiana kwamba wasifu wake usomwe kwa Kiswahili, maadam wakwe zetu ni Wateso wa pande zote mbili za mpaka wa Malaba, na Kimarachi kingewaacha nje. Kalamu nikapewa mimi.

Kuzaliwa, kubatizwa na kuoa kuliandikika bila taabu. Nilikwama penye kazi. Barua zake za zamani zilisema kwa Kiingereza kwamba aliendesha kompyuta jijini Nairobi katika miaka ya 1970. Nikaandika, tena kwa fahari, “mwendeshaji wa tarakilishi”, kisha nikamsomea mzee mmoja wa Bumala aliyefanya kazi naye. Akatikisa kichwa.

“Mwanangu, tarakilishi si kile kisanduku mnachochapia pale Busia mjini? Baba yako hakuendesha kisanduku. Mtambo wetu ulijaza chumba. Na mwenye amri mle ndani alikuwa George.”

Nilidhani George ni Mzungu msimamizi. Kumbe ni GEORGE 3, mfumo endeshi wa mitambo ya 1900 ya kampuni ya Uingereza ya ICL, uliopewa jina la George Felton, mmoja wa wakuu wa utungaji wa programu katika kampuni hiyo. Kadi zilizotobolewa matundu zikishasomwa, George alizipanga kazi foleni, akaamua ipi iingie na ipi ingoje, kisha akamwagiza baba mkubwa, kwa maneno yaliyochapwa kwenye karatasi, apachike mkanda upi wa sumaku. Usiku kucha walijibizana hivyo.

Kisha waajiri wao walibadili mtambo wakaleta wa IBM. Katika mtambo wa 1900 “neno” (ndivyo wenyewe wanavyoliita) lilikuwa na biti 24, na herufi ilichukua biti 6. Mitambo ya IBM ya aina ya 360 na iliyoifuata ilihesabu kwa vifungu vya biti 8. Programu za huku hazikusomeka kule. Wachache walifundishwa upya, wengine wakaonyeshwa mlango. Baba mkubwa alirudi Butula kulima miwa, na simkumbuki akitaja kazi ile mbele yetu hata siku moja.

Jambo hilo lilinikera hata baada ya matanga, nikaanza kusoma. Nilichokikuta ni kwamba mitambo ile aghalabu ilikuwa na jina la huku na mwili wa kule, kama mabasi yetu ambayo injini na fremu ni za Isuzu, ilhali bodi imeundwa na mafundi wa hapa nchini. Kompyuta ya kwanza ya Tanzania, iliyowekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, iliitwa ICT 1500. ICT ilikuwa kampuni ya Uingereza, mzazi wa ICL. Lakini mtambo wenyewe ulikuwa RCA 301 wa Marekani, uliouzwa kwa mapatano. Mtambo huohuo Wafaransa wa Bull waliuita Gamma 30, na Wajapani wa Hitachi wakauita HITAC 3010. Mwaka 1971 RCA ilijitoa katika biashara ya kompyuta.

Lililoniuma zaidi ni la 1981. ICL, ikiwa hoi kifedha, ilipatana na Fujitsu ya Japani ipewe teknolojia ya chipu. Mwaka 1985 ikatoa mitambo ya Series 39: chipu za Kijapani, mfumo endeshi uleule wa Kiingereza, VME, uliokuwa umeirithi nafasi ya George. Mwaka 1990 Fujitsu ilinunua asilimia 80 ya ICL, na 2002 hata jina likafutwa. VME ikaendelea kutumika. Maunzi yalibadilika, na aliyeijua lugha ya mfumo akabaki na kazi yake. Kwa baba mkubwa mfumo ndio uliotupwa, na yeye pamoja nao.

Nasi katika vyama vyetu tumebishana miaka mingi kama kifaa hiki kiitwe ngamizi, tarakilishi au kompyuta. Hata tarakilishi ni zao la ubia, wa tarakimu na akili, na sina ugomvi nalo. Ninachojiuliza ni kwa nini, katika mabishano yote hayo, sikuwahi kusikia mtu akiuliza waliokuwa wakiviendesha waitweje.

Siku ya maziko nilifuta cheo chote. Nilisoma hivi: “Alikesha katika chumba cha mtambo, akipachika mikanda na kujibizana na George.” Mzee wa Bumala, aliyeketi mstari wa mbele, aliangua kicheko peke yake. Wakwe wakageuka kumtazama.