Treni Mbili: Kutoka Prague hadi Brussels

Nilifika Prague mara ya kwanza kumtafuta Franz Kafka, na nilitarajia vichochoro vya giza na minara ya kutisha. Minara ipo. Lakini kilichonishika ni jengo pana, safi, katika mtaa wa Na Poříčí, ambalo sasa ni hoteli. Hapo Kafka alifanya kazi kwenye taasisi ya bima ya ajali za wafanyakazi, aliyoitumikia kuanzia 1908 hadi 1922. Mtu wa tai na mafaili! Aliandika ripoti juu ya mashine za kuranda mbao zilizokuwa zikikata vidole vya mafundi, na akaitilia michoro, ili mwenye karakana aone jinsi mhimili wa mraba unavyoacha mwanya wa kunasa mkono.

Mtu huyohuyo, kitabu chake cha Mageuko kilipokuwa kikichapwa 1915, alimwandikia mchapishaji akimsihi mdudu asichorwe kwenye jalada, hata kwa mbali. Basi jalada likatoka na mtu aliyefunika uso kwa mikono, akijitenga na mlango ulio wazi. Ndani ya mlango ni weusi mtupu. Nililitazama nikasisimka mwili.

Kwetu hadithi hubisha hodi. Bibi anaita “Paukwa!”, tunaitikia “Pakawa!”, na baada ya hapo sungura akisema hatushtuki, maana tumeshakaribishwa. Kafka habishi hodi. Katika Mageuko, Gregor Samsa anaamka asubuhi akiwa mdudu, na kinachomhangaisha ni treni ya saa kumi na moja alfajiri iliyokwisha kumwacha. Punde mkubwa wake wa kazi anafika nyumbani kudai maelezo.

Safari ya pili ilikuwa ya treni, kupitia Ujerumani hadi Brussels. Njiani nilisoma tena Nagona (1990) ya Euphrase Kezilahabi. Mwandishi wetu wa Ukerewe ameshika njia nyingine: kwake mahali na wakati vyote havishikiki. Kwa Kafka kimelegea kitu kimoja tu, na vingine vyote vimekaa imara, kodi ya nyumba ikiwemo.

Brussels nilikwenda moja kwa moja kwenye jumba la makumbusho la mchoraji René Magritte. Mbele ya mchoro wake Himaya ya Nuru wa 1954 niliona nyumba usiku, taa ya mtaani, miti myeusi, nikawa karibu kupita. Kisha nikainua macho: mbingu ya mchana kweupe, mawingu yakielea! Nilicheka kwa furaha, mlinzi akanigeukia. Hapa pia kimelegea kimoja tu. Mwandishi André Breton alitoa ilani ya usurealisti, mkondo wa sanaa aliomo Magritte pia, huko Paris mwaka 1924, miezi michache baada ya Kafka kufariki, na wengi waliomfuata Breton walizama katika ndoto. Magritte alichora kama mtu aliye macho kabisa.

Kesho yake nilipanda tramu hadi Jette, kwenye nyumba nyembamba ya matofali alimoishi tangu 1930 hadi 1954. Hakuwa na studio ya fahari. Alichorea katika chumba cha kulia, amevaa suti. Sebuleni pana meko ya kuotea moto, yale aliyoyachora 1938 yakitokwa na garimoshi zima linalofuka moshi. Mchoro wenyewe uko Chicago, lakini meko ni haya, na nilikawia mbele yake.

Garimoshi la Magritte halina abiria na halimcheleweshi mtu. Ukishalishangaa unaweza kwenda zako. Treni ya Gregor ndiyo inayonitisha, kwa sababu imekwisha kuondoka na siku zinaendelea: lazima mtu amletee mdudu chakula, lazima baba atafute kazi. Mchoro hauna kesho. Riwaya inayo, na kesho hiyo inakula upendo wa watu kidogo kidogo. Siku ya kwanza dada anamletea kaka yake maziwa. Miezi ikipita, ni dada huyohuyo anayesema kiumbe hiki kiondolewe.