Mbwa wa Majivuni

Nyumbani kwetu Njombe jiko lilikuwa kibanda cha peke yake nyuma ya nyumba kubwa, na kuanzia mwezi wa tano hadi wa nane moto wa kuni haukuzimika humo. Mlango wake wa mabanzi ulikuwa na upenyo chini. Asubuhi za mwezi wa saba, nyasi za uani zikiwa nyeupe kwa sakitu, tulifungua na kumkuta mbwa wetu, Bosi, amejikunja kando ya mafiga, mwili mzima umepauka kwa majivu. Mama alimtoa kwa ukuni. Mbwa alikuwa mnyama wa nje. Jikoni palikuwa pa watu na chakula.

Hiyo ilikuwa 1988. Bosi alikuwa mbwa aliyefukuza magari ya mbao hadi barabara kuu, lakini mwaka ule alianza kuinuka kwa mafungu: kwanza miguu ya mbele, kisha anatulia, kisha ya nyuma inafuata ikitetemeka. Hakupanda tena ngazi tatu za barazani. Usiku alibweka akiwa amelala. Baba alisema amekuwa mvivu, baadaye akasema amezeeka, na mbwa wa ulinzi aliyezeeka kwetu hakuwekwa. Jumamosi moja nilirudi kutoka kuchimba viazi sikumkuta. Sikuuliza, kwa kuwa kila mtoto wa mtaa ule alijua.

Kinachonisumbua hadi leo ni kwamba kwenye moto uleule, juu ya kigoda, aliketi Bibi amenyoosha magoti yake karibu na kaa. Alichuliwa mafuta kila jioni. Asubuhi alihitaji kushikwa mkono ndipo asimame, na mpaka jua lipande ndipo magoti yalipolegea akatembea vizuri. Hakuna aliyemwita mvivu. Tulijua ana baridi yabisi, na tulimpisha palipo na joto. Bibi na mbwa walilalamika jambo moja, mmoja kwa mdomo na mwingine kwa kulala majivuni, na sisi tulimsikia mmoja tu.

Nilirudi kuishi kwetu nikiwa mtu mzima. Mwaka 2019 mbwa wetu Jasiri alikuwa na miaka kumi, mnene, mpole. Mwezi wa sita ulipoingia nikamwona anainuka kwa mafungu. Safari hii nilitambua. Kosa langu ni kwamba nilitaka kumtibu mwenyewe: nilikuwa na vidonge vya diklofenaki nilivyokuwa nikimeza kwa ajili ya mgongo, nikamvunjia nusu ndani ya ugali, siku mbili mfululizo. Siku ya tatu alitapika, na choo chake kilikuwa cheusi kama lami.

Daktari wa mifugo alikuwa amekuja kwa nguruwe wa jirani. Nikamkimbilia.

“Dada, umempa nini?” aliniuliza kabla hata hajamgusa.

Nilimwonyesha pakiti. Akaniambia choo cheusi ni damu ya tumboni, na kwamba dawa za maumivu za watu huchubua tumbo la mbwa na kuharibu figo zake, hata kwa kipimo kinachoonekana kidogo. Kwa paka ni hatari zaidi: kidonge kimoja cha paracetamol kinaweza kumuua. Tulitibu tumbo kwanza. Jasiri alipopona ndipo alipopata meloksikamu ya mifugo, kwa kipimo cha uzito wake.

Uzito tuliupata kwenye mizani ya viazi. Nilimbeba nikapanda naye, kisha nikapanda peke yangu, tukatoa. Kilo 31. Daktari alitaka 26. Kila kilo iliyozidi, alisema, inabebwa na viungo vilevile vinavyouma. Ugali ukapunguzwa kwa theluthi, na wajukuu wa Baba wakakatazwa kumtupia vipande vya maandazi.

Daktari alinifafanulia jambo ambalo nilitamani mtu angelisema jikoni kwetu miaka ile. Baridi haileti ugonjwa huo wa viungo. Gegedu linalofunika ncha za mifupa husagika kwa umri, uzito au jeraha la zamani. Lakini baridi hukaza misuli, mnyama akaacha kutembea, na kiungo kisichotembea hukakamaa. Ndiyo maana kumfunga mnyororo mchana kutwa ili “apumzike” ni kumzidishia. Mnyororo wa Jasiri tuliufungua. Jua likishapanda nilitembea naye dakika kumi, mara tatu kwa siku, badala ya mwendo mmoja mrefu wa kumchosha.

Kitanda ndicho kilichonipa kazi, na ndicho ninachoamini kilimsaidia kupita vyote. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na sakafu ya saruji usiku wa mwezi wa saba hunyonya joto la mwili hadi mfupani. Tulipigilia kichanja cha mabanzi kimo cha shubiri moja, juu yake magunia mawili yaliyojazwa maranda makavu ya msindano. Maranda kwetu hayana bei, yamejaa kila penye msumeno. Ila huvuta unyevu, kwa hiyo kila Jumamosi tulimwaga na kujaza mapya. Saa mbili usiku chupa ya maji ya moto iliviringishwa kitenge ikawekwa karibu na nyonga zake, baada ya kuijaribu kwanza kwa kifundo cha mkono wangu, na pakaachwa nafasi ya yeye kusogea ikimzidi. Barazani tuliweka ubao wa mteremko juu ya zile ngazi tatu.

Wiki ya kwanza Baba alitazama bila kusema kitu. Wakati huo alikuwa amepita miaka themanini na magoti yake mwenyewe yalikuwa yameanza. Jioni moja nilichelewa sokoni. Niliporudi nilikuta chupa imeshawekwa, na Baba amekaa kando ya kichanja na fimbo yake.

“Huyu naye asubuhi ni shida,” aliniambia. Tangu siku ile chupa ikawa kazi yake.

Jasiri aliishi miaka mitatu zaidi. Hakuwahi kukimbia tena, lakini kila asubuhi alishuka ule ubao mwenyewe hadi getini.

Wewe uliye Njombe, Makete, Lushoto au Limuru na una mbwa mzee, mtazame kesho alfajiri anavyoinuka. Kama ni paka, mtazame kama bado anaruka pale alipozoea kuruka, na kama bado anajilamba mgongoni. Ukiona anasita, mwinue kutoka kwenye sakafu leo hii, mwite daktari wa mifugo, na vidonge vyako vya maumivu viache kabatini.