Sisi Mbili za Kiblaan

Kwa miaka mingi niliwafundisha wanafunzi wangu kwamba utamu wa Kiswahili watokana na irabu, na kwamba lugha zinazorundika konsonanti mwanzoni mwa maneno ni ngumu. Nilisema ngumu, moyoni nilikusudia pungufu. Walakini nyani haoni kundule.

Siku moja nilijisomea habari za Kiblaan, lugha ya watu wa kusini mwa kisiwa cha Mindanao, katika nchi ya Ufilipino. Wao husema tlu kwa tatu, fat kwa nne, na fitu kwa saba. Hiyo tlu ilinichekesha. Kisha nikaandika ubaoni neno letu mtu, na kicheko kikakoma. Ni kweli kwamba m yetu ni silabi kamili. Lakini kwao na kwetu palikuwa na irabu hapo kale, ikadondoka.

Katika Kitagalogi saba ni pito. Wablaan waligeuza p ya kale kuwa f. Na Wamalagasi wa Bukini, jirani zetu wa bahari, husema fito. Kila upande uligeuza peke yake, lakini asili ni moja, iliyovuka Bahari ya Hindi. Kumbe lugha niliyoidhani ya mbali ina ndugu yake mkabala wa pwani yetu!

Sarufi yake nayo ina maajabu. Kitenzi hutangulia katika sentensi. Sisi hubandika viambishi mbele na nyuma ya mzizi. Wao huweza kuvipenyeza ndani yake. Tena wana sisi ya namna mbili: moja humtia ndani anayeambiwa, na nyingine humwacha nje.

Mwaka 1939 serikali ilianza kuwaleta walowezi katika bonde la Koronadal, na Wablaan wengi wakasogea milimani. Lugha za wageni zikawa ndizo za soko na shule. Niliposoma hayo nilimkumbuka bibi yangu wa Lushoto.

Bibi alisema Kisambaa. Sauti yake ilipanda na kushuka, nami, mtoto wa shule, nilimcheka nikasema anaimba. Sikujua kwamba kupanda na kushuka kule ni sarufi, kwaweza kutenga maana na maana, na kwamba Kiswahili ndicho kilichokipoteza kipawa hicho. Nilimwambia, "Bibi, sisi hatusemi hivyo." Hakunigombeza. Tangu siku hiyo alinisemesha Kiswahili, akijikwaa, hata akafariki.

Leo mimi ni daktari wa lugha, na Kisambaa sikijui ila salamu.

Kiswahili kina sisi moja tu, nayo humsitiri msemaji. Lau ningalikuwa Mblaan, ningalilazimika kuchagua siku ile, na bibi angalijua kama yumo au hayumo. Nadhani alijua.