Yakobo Aliijua Hesabu Yake

Neno la leo liko Mwanzo 30:25-30 na 31:38-42. Soma kwanza, ndipo uendelee.

Yakobo alikuwa mfanyakazi wa ugenini. Alimtumikia Labani miaka 20: 14 kwa ajili ya wake zake, 6 kwa ajili ya mifugo, na ujira wake ukabadilishwa mara kumi. Tumezoea kuhubiri ngazi ya Betheli na kule kushindana mweleka usiku kucha. Leo ona jambo dogo tu: Yakobo aliijua hesabu yake. Siku aliposimama mbele ya Labani hakubabaika. Aliitaja miaka yake na kazi ya kila kipindi. Na kabla ya hapo alikuwa ameshamuuliza ni lini naye ataitunza nyumba yake mwenyewe.

Kisiwa chetu kimejaa akina Yakobo. Tangu enzi za majahazi ya Bandari ya Kale, watu wa Mombasa wamefuata riziki Tanga, Unguja, Dar es Salaam na Arabuni. Siku hizi vijana wanaitazama Ujerumani, hasa tangu serikali yake na ya Kenya zitie saini makubaliano ya uhamaji wa wafanyakazi tarehe 13 Septemba 2024. Tunawawekea mikono, tunawaombea viza. Ni nani anawauliza kuhusu uzee wao?

Mzee mmoja kanisani kwetu alifanya kazi ya kutoa mizigo bandarini hapa miaka 9, akikatwa NSSF ya Kenya. Kisha akafanya Dar es Salaam miaka 11, akikatwa NSSF ya huko. Jumla ni miaka 20, kama Yakobo. Lakini Tanzania pensheni ya kila mwezi inataka michango ya miezi 180, naye ana 132. Ile miaka ya Mombasa ingemvusha, ila kila mfuko unahesabu ya kwake. Atalipwa mkupuo. Mkupuo si kitu kibaya, lakini kodi ya nyumba huja kila mwezi.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inasema mfanyakazi aliyevuka mpaka apate haki za hifadhi ya jamii kama mwenyeji. Ahadi ni njema, lakini mpango wa kujumlisha miaka ya nchi na nchi bado haujakamilika.

Ulaya wameshafika huko. Kanuni yao namba 883/2004 inatumika tangu Mei 2010. Ukifanya kazi Ujerumani miaka 3 na Uholanzi miaka 4, hakuna mwaka unaotupwa. Ujerumani inataka miaka 5 ya michango. Itaihesabu na ile ya Uholanzi ili ufikie kiwango, kisha kila nchi italipa sehemu yake. Tangu 2011 hata Mkenya anayeishi huko kihalali amejumuishwa, isipokuwa Denmark. Lakini miaka yako ya Mombasa haimo katika hesabu hiyo.

Kwa hiyo, mpendwa unayesafiri, mali bila daftari hupotea bila habari. Weka mkataba, hati za mshahara na namba ya uanachama ya kila mfuko. Endelea kuchangia nyumbani kwa hiari. Unayekwenda Ghuba, uliza kuhusu kiinua mgongo kabla ya kutia saini, maana mifuko ya pensheni ya kule kwa kawaida ni ya raia wao. Kuuliza si kukosa imani. Kumbukumbu la Torati 24:14-15 inaamuru mgeni alipwe ujira wake kabla jua halijatua.

Na wewe Labani uliyeketi viti vya mbele, nakupenda, lakini nisikilize. Una msichana wa kazi nyumbani, una kijana dukani. Sheria inataka asilimia 6 kutoka kwake na asilimia 6 kutoka kwako. Kumkata na usipeleke ni wizi, hata ukitoa fungu la kumi. Yakobo 5:4 inasema kilio chao kinamfikia Bwana wa majeshi.

Tuombe: Baba, uliyeona taabu ya Yakobo, waone watoto wako walio ugenini. Wape hekima ya kuhesabu, na utupe sisi mikono safi. Katika jina la Yesu.

Kama una mtu wako ng'ambo, mtumie ujumbe huu leo, kisha andika AMINA.