Tundu la Jeti

Mwandishi wa kumbukumbu hizi alianza kushika spana mwaka 2009, kwenye kijiwe cha mafundi karibu na stendi ya Msamvu, Morogoro. Kazi yake ilikuwa kuosha vipuri kwa petroli na kutazama. Pikipiki nyingi zilikuwa za Kichina za cc 125, zenye injini ya ukoo wa Honda CG125 iliyotoka mwaka 1976. Lalamiko la madereva halikubadilika: haikai sailensa, ukiachia mafuta tu inazima.

Siku aliyoachiwa kabureta peke yake, alifungua bakuli akakuta mchanga mwekundu na matone ya maji. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hutuama chini, pale jeti, vipuri vyenye tundu la kupitishia petroli, zinaponyonya. Jeti ndogo, inayolisha injini wakati mafuta hayajavutwa, ilikuwa imeziba. Akachukua waya wa chuma, akachokonoa hadi akaona mwanga.

Pikipiki iliwaka. Jioni ile alirudi nyumbani akijiona fundi.

Siku ya nne dereva alirejea na moshi mweusi. Plagi ilikuwa imejaa masizi, na mafuta ya siku nzima yalikuwa yakiisha saa nane mchana. Mzee aliyekuwa akimfundisha hakugomba. Aliishika ile jeti pamoja na mpya, akazielekeza juani. Tundu la ile ya zamani lilikuwa limepanuka, kwa kuwa shaba ni laini na waya wa chuma huila. Gramu 1 ya petroli huhitaji karibu gramu 14.7 za hewa ili iungue yote. Tundu likiongezeka kidogo tu, hesabu hiyo imeharibika.

Jeti mpya mwandishi aliinunua kwa posho yake mwenyewe.

Tangu hapo, hufunga koki na kufuta vumbi la nje kabla ya kulegeza chochote. Skrubu ya hewa huikaza taratibu hadi iguse, akihesabu mizunguko, ndipo aitoe. Jeti huziloweka, kisha huzipuliza kwa kompresa. Uchafu ukigoma, hutumia unyuzi mmoja wa nailoni wa brashi. Sindano ya boya yenye mkwaruzo kwenye ncha hairudishi, maana petroli itafurika na yaweza kuteremka hadi kwenye oili ya injini.

Sasa ana vijana wawili anaowafundisha. Kabla ya kumwachia yeyote kabureta, hufungua kopo la maziwa lenye jeti mbili, mojawapo ni ile ya mwaka 2009, na kumwambia azielekeze juani aseme ipi imechokonolewa.